Safari ya Mbugani: Ni Hifadhi Ipi Ikufaayo?



Ndugu wasomaji, kila mpunga ukiisha kuvunwa hapa kwetu Dakawa na shule zikafungwa, wazazi huja kukaa barazani kwangu wakaniuliza neno lile lile: "Ustadhi, mwaka huu watoto twawapeleka wapi?" Zamani swali hili halikuwako. Shule ilipofungwa mtoto alikwenda shambani kuamia ndege, na mwenye bahati alipelekwa Morogoro mjini kwa shangazi yake. Mbuga za wanyama zilihesabiwa kuwa ni mambo ya wageni watokao ng'ambo. Siku hizi, alhamdulillahi, watu wetu wameanza kuona kwamba nchi hii ni yao pia, na wengine wamekumbuka kuwa Mola wetu katika Surat Al-Ankabut, aya ya 20, ametuamuru tutembee katika ardhi na kutazama jinsi alivyoanzisha kuumba. Tanzania ina hifadhi za taifa zaidi ya 20, na kadhaa kati ya hizo zaweza kufikiwa kutoka mkoa wetu wa Morogoro bila ya kupanda ndege.

Walakini kuamriwa kutembea si kuamriwa kwenda popote, kwa vyovyote, na yeyote. Hili nalijua kwa sababu nimepata kukosea, na kosa langu liliwagharimu wengine. Basi kabla ya kutoa shauri yafaa nikiri.

Mwaka 2023, mara baada ya Idi-el-Fitri, wazazi wa madrasa yetu walichanga fedha ili watoto wapelekwe kutazama wanyama. Fedha hizo zilikuwa za mpunga, na kila mtu ajua jasho la mpunga lilivyo. Nilikabidhiwa mimi, nami nilizipokea kama amana. Kwanza kamati yetu ilitaka Serengeti, kwa kuwa ndiyo iliyovuma. Tulipopiga hesabu ya mafuta, malazi na chakula tukaona fedha zetu zisingetufikisha hata nusu ya njia. Ndipo mmoja akasema, "Basi twendeni Mikumi, ni pale pale," na sote tukaitika. Hapana aliyeuliza ni mwezi gani, wala tutafika saa ngapi, wala nani aenda.

Ilikuwa Aprili, masika yamepamba moto. Basi tulilokodi lilichelewa, tukaondoka jua limekwisha panda. Ndani yake walikuwamo watoto wa miaka minne, vijana waliobaleghe, akina mama wenye vichanga, na mzee mmoja mwenye magoti mabovu. Tulifika langoni mchana, saa ambayo kila mnyama mwenye akili amelala kivulini. Basi lile kubwa halikuweza kuingia katika njia za uwandani, kwa maana udongo wa kule ni mweusi na mvua ikinyesha hunata kama ugali. Likabaki kwenda na kurudi katika kipande kifupi cha njia ngumu. Majani yalikuwa marefu kupita kimo cha mtu. Tuliona migongo ya swala, na kwa mbali shingo ya twiga. Watoto wawili walitapika. Wakati wa sala ulitukuta garini, na tulipotaka kushuka askari akatuzuia, naye alikuwa na haki, kwa kuwa sheria ya hifadhi hairuhusu mtu kushuka ila mahali palipotengwa.

Tuliporudi, baba mmoja alisimama uani mwa msikiti baada ya Isha akasema mbele ya watu, "Fedha za mpunga zimeliwa na matope." Hakusema kuwa zimeliwa na mimi, lakini wako waliosikia hivyo. Kwa muda wa wiki kadhaa watoto sita hawakuja chuoni. Nilitoa daftari la matumizi nikalisoma mstari kwa mstari mbele ya wazee, na senti haikupotea. Hata hivyo nilijua moyoni kuwa yule baba amesema kweli. Mtu aweza kuitunza amana isipotee hata senti, na bado akaitumia vibaya.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza, nikisoma, na nikienda mwenyewe. Haya niandikayo ndiyo niliyoyapata.

Neno la kwanza: usianze kwa kuitazama hifadhi, anza kwa kuwatazama wale uendao nao. Kuna watu ambao raha yao ni kukaa garini na kutazama. Kuna wengine, na hao ni vijana hasa, ambao ukiwakalisha garini saa tatu watagombana wenyewe kwa wenyewe. Hao wataka kutembea na kutoka jasho. Kuna wazee ambao hawataki simba wala mlima, bali wataka mahali pa kukaa wakapunga hewa na kuzungumza. Na kuna wenye mifuko mitupu, ambao nao wana haki ya kuona uumbaji wa Mola wao. Kosa letu la mwaka 2023 lilikuwa kuwatia wote hao katika basi moja.

Sasa niseme juu ya Mikumi, maana hiyo ndiyo iliyo karibu nasi, na nisingependa mtu aichukie kwa sababu ya upumbavu wangu. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, na eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Jina lake ni la mti wa jamii ya mivumo. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa mpaka Zambia yapita katikati yake kwa muda wa kilomita 50 hivi, hata abiria wa basi la kawaida aweza kuwaona tembo bila ya kukusudia. Kutoka Morogoro mjini ni yapata kilomita 100 tu, nasi wa Dakawa twaongeza 40. Kwa jamaa wenye watoto wadogo na wazee, mimi sijaona mahali pafaapo zaidi. Uwanda wa Mkata ni wazi na tambarare. Mtu hukaa kitini mwake akaona pundamilia, nyumbu, nyati, twiga, pofu, na Mungu akijaalia, simba. Liko na bwawa la viboko karibu na lango, ambapo watoto hawachoki kuhesabu masikio yachomozayo majini.

Lakini Mikumi ina adabu zake. Nenda wakati wa kiangazi, baina ya Juni na Oktoba, majani yamekauka na maji yamepungua, kwa kuwa hapo wanyama hukusanyika penye maji. Usiende kwa basi kubwa. Kodi magari madogo yenye nguvu, hata kama watu watakuwa wachache zaidi. Na lililo kubwa kuliko yote: lala mji wa Mikumi usiku wa kuamkia safari, sali Alfajiri, kisha uwe langoni saa 12 asubuhi. Saa tatu za kwanza za asubuhi ni sawa na siku nzima. Atakayetoka Dakawa asubuhi ile ile atafika wakati simba amekwisha kula na kulala.

Mwisho wa Juni 2024, wiki baada ya Idi-el-Haji, tulijaribu tena. Safari hii wazazi waliokubali walikuwa wachache, na sikuwalaumu. Tulichukua watoto chini ya miaka 12, mama zao watano, na yule mzee wa magoti. Tulilala Mikumi. Kabla ya saa moja asubuhi tulikutana na kundi la tembo likivuka njia, majike na watoto wao, na gari zima likanyamaza hata ikasikika sauti ya majani yakikatwa. Kitoto kimoja cha kike, ambacho chuoni hakisemi hata kikichapwa, kikanong'ona, "Ustadhi, mama yake anamngoja." Kweli, jike moja lilikuwa limesimama katikati ya njia mpaka kitembo cha mwisho kivuke. Mzee alisema kuwa ameishi miaka 70 na zaidi mkoa huu huu wala hajapata kumwona tembo ambaye hafukuzwi wala hafukuzi.

Maneno yale ya mzee yataka maelezo kwa msomaji wa Mombasa au Unguja. Sisi wa bonde la Wami twawajua wanyama kwa ubaya. Kiboko hutoka mtoni usiku akala mpunga wa miezi minne kwa saa mbili. Tembo wa pori la Wami-Mbiki nao hutembea. Yule baba aliyesema uani mwa msikiti alikuwa amepoteza shamba zaidi ya mara moja. Nilipomwalika safari ya pili alinijibu, "Ustadhi, mimi nikalipe fedha nikamtazame aliyenila?" Sikuwa na jibu, wala sikumlazimisha. Nitarudi kwake baadaye.

Vijana tuliwapeleka Udzungwa. Hapa nataka vijana wanisikilize vizuri. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na makao yake makuu ni Mang'ula, yapata kilomita 60 kusini ya mji wa Mikumi kwa njia ya Kidatu na Ifakara. Reli ya TAZARA nayo yapita pale. Ndani yake hakuna njia za magari za kutazamia wanyama. Kila kitu ni kwa miguu, na ni lazima uwe na kiongozi. Kwa hiyo asiyeweza kutembea asiende, wala asimtume mtu mwenye pumu au moyo mbovu kwa kudhani ataangalia dirishani. Hakuna dirisha.

Njia ipendwayo ni ile ya maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka yapata meta 170. Ni mwendo wa saa nne hivi, kupanda na kushuka. Vijana wetu wa kiume 11 walikwenda na walimu wawili. Siku ya pili mabinti tisa wakaenda na mwalimu wao wa kike, na kaka zao wawili kuwa mahramu. Wapo waliouliza msikitini kama yafaa binti kupanda mlima. Mimi nasema kwamba binti huyo huyo hupanda Uluguru na mkungu wa ndizi kichwani wala hapana amwulizaye.

Juu ya maporomoko kuna miamba bapa, na mbele yako huonekana bonde zima la Kilombero na mashamba ya miwa yakiwa kama mkeka wa kijani. Vijana walitawadha kwa maji baridi ya mto ule ule wakasali Adhuhuri pale, na mmoja wa walimu aniambia kuwa tangu aanze kufundisha hajapata kuona safu iliyonyoka vile bila ya kukemewa mtu.

Misitu ya Udzungwa ina viumbe ambao hawapatikani penginepo duniani. Kuna mbega wekundu wa pale, na kuna yule kima wa kijivu aitwaye kwa jina la Sanje, ambaye wataalamu hawakumwandika katika vitabu vyao mpaka mwaka 1979. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote na wana jina lao la kumwita. Napenda kuwasimulia wanafunzi wangu habari hii, kwa sababu wengi wao hudhani kuwa elimu yote hutoka mbali, na kwamba babu yake asiyejua kusoma hana alijualo.

Wakati wa masika njia za Udzungwa huteleza mno. Hapo pia, chagua kiangazi.

Kuhusu hifadhi nyingine nitasema kwa ufupi. Hifadhi ya Nyerere, iliyotengwa mwaka 2019 kutoka sehemu ya kaskazini ya pori la Selous, ndiyo kubwa kuliko zote nchini, kilomita za mraba 30,893. Ni nzuri kwa mtu apendaye kwenda kwa mashua, maana katika mto Rufiji na maziwa yake mtu huona viboko, mamba na ndege akiwa juu ya maji. Tembo wa nchi ile walipungua kwa mauaji ya ujangili kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 1976 mpaka yapata 13,000 mwaka 2013. Mwenye kuwa na kijana apendaye hesabu na ampe hesabu hiyo. Walakini kutoka kwetu kwa njia ya Matombo na Kisaki barabara ni mbaya, na gari dogo la nyumbani halifai. Ni safari ya watu wazima wenye siku na fedha.

Ruaha, iliyo yapata kilomita 130 kutoka Iringa mjini, ni ya mtu apendaye upweke. Ni kubwa, watu ni wachache, na ukimya wake ni mwingi. Ila mkulima wa mpunga akienda kule ataona jambo la kumkosesha usingizi: mto Ruaha Mkuu, ambao zamani haukukauka, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi nyakati za kiangazi, na miongoni mwa sababu zake ni maji yachukuliwayo juu, Usangu, kumwagilia mpunga.

Serengeti na Kilimanjaro hazina haja ya kusifiwa nami. Mwenye uwezo na aende. Ninachosema ni kwamba jamaa ya Morogoro ikiuza mbuzi wake wote ili iseme imefika Serengeti, na iliacha Mikumi mlangoni kwake, imenunua jina.

Na asiye na fedha kabisa? Huyo aitazame milima ya Uluguru. Si hifadhi ya taifa, ni hifadhi ya mazingira asilia, iliyopewa daraja hilo mwaka 2008, lakini ndege na miti iliyomo mingine haipatikani mahali pengine. Kutoka Morogoro mjini mtu aweza kupanda kwa miguu mpaka Morningside, penye nyumba ya zamani ya Wajerumani, akarudi kabla ya Alasiri. Chukua chapati na maji. Ukiwa juu uwaambie watoto kuwa Mto Ruvu, unaowanywesha watu wa Dar es Salaam, huanzia katika milima hiyo.

Wasomaji wa Dar es Salaam nao wamepata wepesi. Tangu Juni 2024 gari moshi la umeme huwafikisha Morogoro kwa muda wa chini ya saa mbili, na kutoka hapo watafuta gari la kwenda Mikumi. Wazee wasioweza kukaa basini saa tano wasijinyime tena.

Sasa nije kwenye mambo ya nyumbani, ambayo vitabu vya watalii havitakuambia. Aliyetoka Dakawa kwenda Mikumi amepita masafa ya msafiri, ambayo wanazuoni wengi huyakadiria kuwa yapata kilomita 80 na zaidi. Basi ana ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na ya kukusanya Adhuhuri pamoja na Alasiri, na Magharibi pamoja na Isha. Ruhusa hii ni sadaka ya Mola, itumie. Panga kusali pamoja mahali pa kupumzikia palipotengwa, wala usimgombeze askari. Usianze safari baada ya alfajiri ya Ijumaa ila kama wajua kuwa utaipata sala ya Ijumaa njiani. Chukua chakula chako cha halali na maji ya kutosha kunywa na kutawadha. Mabaki yote urudi nayo, kwa kuwa nyani aliyezoea maandazi huwa jambazi.

Akina mama, neno moja juu ya nguo. Katika mapori mengi kuna mbung'o, na wadudu hao huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu iliyokolea. Ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mama mmoja wa safari yetu aliyevaa buibui jeusi aliumwa hata akalia, na mwenziwe aliyevaa la rangi ya mchanga akawa salama kando yake. Stara ni ile ile. Badilisha rangi tu.

Ada za kuingilia kwa wananchi ni ndogo mno kuliko za wageni, na watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Viwango hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kuchanga, wala usiende na fedha taslimu ukitumaini kulipa langoni, kwa kuwa malipo hufanywa kwa namba ya malipo au kwa kadi. Mhifadhi wa madrasa au shule na aandike barua mapema. Tena fedha za watu ziandikwe daftarini siku zinapopokewa, mbele ya mashahidi wawili.

Nimeahidi kurudi kwa yule baba. Januari 2025 wazee watatu waliniomba niwapeleke mahali pa kupunga hewa. Nikachagua Saadani, ambayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ina kilomita za mraba kama 1,100, nayo ni mahali ambapo pori na Bahari ya Hindi vimepakana. Kasa wa kijani hutaga mayai katika mchanga wake. Tena Saadani ni mji wa historia yetu. Ilikuwa bandari ya misafara, na mtawala wake Bwana Heri bin Juma aliwapiga vita Wajerumani, nao wakaushambulia mji kwa mizinga mwaka 1889. Hakukubali kuweka silaha mpaka mwaka 1890. Wazee walipenda habari hiyo kuliko wanyama wote.

Yule baba aliposikia kuwa twaenda pwani, akasema atakuja. Hatukusemezana sana njiani. Tulikwenda kwa njia ya Chalinze na Mandera, na tulipofika daraja la Mandera akaniuliza, "Mto gani huu?" Nikamwambia, "Wami." Akasema, "Wami wetu?" Nikamwambia ndio, ule ule upitao chini ya daraja la Dakawa, ambao sehemu ya maji yake hutoka Mkata, katika uwanda wa Mikumi. Akanyamaza mpaka tulipoteremka Miono.

Siku ya pili tulipanda mashua mpaka mlango wa mto. Pale Wami ni mpana na maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa. Kandokando ni mikoko, na viboko walikuwa wamejilaza kundi zima, hawana habari nasi. Nilimchungulia usoni nikadhani atakasirika. Aliwatazama muda mrefu, kisha akamwuliza mwenye mashua kama viboko wale hula nini huku kusiko na mpunga. Mwenye mashua akamjibu kuwa hula majani ya kandokando, na kwamba miaka ya ukame maji ya mto yakipungua, chumvi ya bahari hupanda mpaka ndani na majani hufa.

"Maji yakipunguzwa na nani?" akauliza.

Mwenye mashua, asiyejua tumetoka wapi, akasema, "Na mvua, mzee. Na hao wa juu wenye mifereji."

Yule baba akanitazama, nami nikatazama maji. Tulipofika pwani alinisaidia kushuka, kwa kuwa mimi si mtu wa mashua, akasema kuwa watoto wake wawili watarudi chuoni Jumatatu. Kisha akauliza ada ya Mikumi kwa mtu mzima ni kiasi gani.

Nilimwambia asubiri Juni.